Tao la Kuning'inia

Tao la tanuri letu lilianguka kila baada ya uchomaji wa tatu au wa nne, na kila lilipoanguka nilikuwa miongoni mwa walioitwa kuondoa vifusi. Nilivibeba vifusi hivyo kichwani kwa miaka miwili kabla sijaanza kujiuliza kwa nini tunajenga tena kitu kilekile kwa namna ileile.

Tanuri lilikuwa la chokaa, huku Nyakabuye, mahali vilima vinapoanza kushuka kuelekea uwanda wa Bugarama. Lilikuwa mnara wa mawe, mnene kama nyumba ndogo, na mawe ya chokaa tuliyamimina kwa juu. Mbele yake kulikuwa na chumba cha moto kilichojitokeza nje kama kibaraza. Humo ndimo tulimosukuma magogo ya mikaratusi, na moto ulipita chini ya tao la matofali ukaingia mnarani, siku nne mfululizo bila kuzimwa. Tao lile ndilo lililokuwa paa la chumba cha moto. Likianguka, uchomaji umekufa: mawe yanabaki nusu mabichi, tanuri linasubiriwa wiki nzima lipoe, kisha tunaanza upya.

Nilikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nami nikaacha shule nikiwa darasa la tano. Wadogo zangu waliniita Yaya, kama watoto wa kwetu wanavyomwita mkubwa wao, na pale tanurini wote wakalidaka jina hilo, hata wazee. Kwenye kikao cha ukoo, baba mdogo aliyekuwa akilima Gikundamvura alisema maneno ambayo sijayasahau: nikipoteza ile kazi, watoto watagawanywa. Yeye atachukua wawili, shangazi wa ng'ambo ya mto Ruhwa atachukua mmoja, na aliyebaki ataonekana pa kuwekwa. Alisema kwa upole, wala hakuwa mtu mbaya. Lakini kuanzia siku hiyo nililitazama tao lile kama mtu anavyotazama ukuta wa nyumba anamolala.

Basi likaanguka tena, mwanzoni mwa kiangazi, siku ya pili ya uchomaji. Mwenye tanuri alikuwa mzee wa Kamembe, mfanyabiashara, mtu wa kofia nyeupe na maneno machache. Alikuja akasimama mbele ya vifusi vilivyokuwa bado vinatoa moshi, akamwambia fundi wetu: "Nitawasha mara moja tu. Likianguka tena nafunga, kila mtu aende zake."

Fundi alitoka Bukavu, akizungumza Kiswahili cha huko, nasi tulimwitikia hivyohivyo. Alikuwa na mkono mzuri kweli, mtu wa kupima kwa jicho na kupatia. Jioni ileile alianza kuchagua matofali ya tao jipya, nami nikawa nampokeza. Nikaokota moja lililoanguka, la katikati kabisa ya tao. Upande wa moto lilikuwa limeliwa likabaki jembamba kama kipande cha sabuni cha mwisho. Majirani yake yalikuwa mazima.

"Papa Fundi," nikamwambia, "hii tao inakufa juu ya matofali mawili, matatu tu. Zile zingine zote ni nzima."

"Yaya, weye unabeba mawe ama unayasomesha?"

Wenzetu wakacheka. Nikasema tena kwamba tofali moja likichoka, mengine yote yanaanguka kwa sababu yameliegemea.

"Njo tao hiyo," akasema. "Moja inashika ingine. Mimi nilijenga matao Bukavu, batu banapita chini yake mpaka leo."

"Na chini yake banawasha moto?"

Akaendelea kuchagua matofali. Lakini niliona kwamba aliyachagua polepole zaidi.

Wazo lenyewe nililipata juu ya paa la nyumba yetu. Mvua ya mawe ilikuwa imevunja vigae vitatu msimu uliopita na nilikuwa sijavibadilisha. Nikapanda asubuhi na vigae vipya, nikavichomoa vilivyovunjika, nikatundika vipya kwa vile vijino vyao vya nyuma, na nikashuka kabla chai haijapoa. Nilipofika chini nilisimama palepale nimeshika ngazi. Kigae hakimwegemei mwenzake. Kimetundikwa juu ya ubao wake, peke yake. Ukikitoa, jirani yake hata hana habari.

Kwa nini tao la moto lisitundikwe?

Nilichukua daftari la hesabu la mdogo wangu wa pili, lile la miraba, nikageuza kurasa za nyuma na kuanza kuchora. Sikujua kuchora. Nilichora kama ninavyoona: boriti nne za chuma zinapita juu, kutoka ukuta huu mpaka ule, mbali na moto, hewani. Chini ya kila boriti, mabloku manane yananing'inia, kila bloku na ndoano yake ya chuma. Bloku pana juu, jembamba kidogo chini, ili liweze kushushwa kutoka juu na kukaa kati ya wenzake kama kizibo. Kati ya boriti na mabloku, nafasi ya urefu wa mkono kuanzia kiwiko, ili mtu aweze kuingiza bloku jipya na kulitundika. Likichoka moja, unalifungua ndoano, linadondoka motoni, unaweka lingine. Tanuri halizimwi.

Karatasi haikutosha kunishawishi. Nilimenya muhogo mbichi, nikauchonga vipande thelathini na viwili, nikavitoboa vichwani, nikavitundika kwa nyuzi za migomba kwenye vijiti vinne juu ya sanduku. Nikavuta kipande kimoja cha katikati. Kikatoka. Vingine vikabaki vimetulia. Nikarudisha kingine. Wadogo zangu walikuwa wamenizunguka, na wa mwisho akauliza kama nikimaliza tutaupika. Tuliupika. Lakini kwanza niliubeba mpaka tanurini, sanduku zima kichwani, nikauweka mbele ya fundi.

Alivuta kipande, akarudisha. Akavuta viwili vilivyofuatana. Akapiga sanduku kofi kutoka chini. Vikayumba, hakikuanguka hata kimoja.

"Muhogo hauungue sawa udongo," akasema.

"Najua, Papa Fundi."

"Na chuma cha ndoano?"

"Kiko juu, hewani. Kwenye moto kunashuka udongo tu."

Akakaa chini. Kisha akauliza udongo gani nataka kuutumia, na hapo nikajua nimempata.

Wiki tatu zile sijapata kuwa na nyingine kama hizo. Mwenye tanuri alitoa boriti za lori bovu lililokuwa limelala Bugarama likiota kutu. Mhunzi alikunja ndoano. Mimi niliwafuata wafinyanzi wa vigae bondeni nikaomba udongo wao bora, ule wa kijivu unaogeuka mweupe ukiungua. Udongo mtupu hupasuka ukipata moto wa ghafla, hilo kila mfinyanzi anajua. Kwa hiyo nilitwanga vigae vibovu na matofali ya zamani kwenye kinu, nikachekecha kwa ungo, nikachanganya unga huo na udongo. Nilijaribu mchanganyiko wa aina nne. Nilichoma vipande vidogo, nikavitumbukiza majini vikiwa vyekundu. Vitatu vililia vikapasuka, kimoja, cha sehemu mbili za unga na tatu za udongo, kilikaa kimya. Nilikishika kile kilichonyamaza nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Tulitengeneza mabloku thelathini na mawili, na kumi ya akiba.

Siku ya kuwasha ilipokaribia, watu wa tanuri walifanya tulivyofanya siku zote. Kwetu tanuri jipya haliwashwi bila kupakwa nyeupe. Sisi ni watu wa chokaa, tunaipaka kwenye kila kitu: nyumba, makaburi, miti ya njiani. Fundi mwenyewe alishika brashi, akaingia ndani ya chumba cha moto, akapaka kuta na tumbo la tao langu mpaka likang'aa. Mimi nilisimama nje nikiona fahari. Mabloku ya akiba nilikuwa nimeyaweka pembeni, yamefunikwa majani ya migomba, hakuna aliyekumbuka kuyapaka.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Asubuhi ya siku ya pili nilichungulia kwenye tundu la moto, nikaona kitu ambacho sikukielewa. Chini ya mabloku kulikuwa na matone, ya kijani, yanayong'aa kama kioo, yananing'inia kama nta ya mshumaa. Nilitazama moja likirefuka, likakatika, likaanguka motoni.

"Tao inatoka jasho," nikamwambia fundi.

Alichungulia. Uso wake ulibadilika. Kufika saa nne, mabloku ya katikati yalikuwa yamepungua robo. Fundi alisema tuzime, tuombe msamaha, labda mzee atatuelewa. Nilikumbuka sauti ya upole ya baba mdogo. Nikarudi kwenye tundu, nikatazama tena, safari hii bloku kwa bloku, nikihesabu safu. Kwenye kona ya nyuma kulikuwa na mabloku manne makavu kabisa, mekundu, bila tone.

"Papa Fundi, ile kona ya nyuma, brashi ilifika?"

Akafikiri. "Haikufika. Mukono ulikuwa mufupi."

Chokaa yetu wenyewe, tuliyoipaka kwa heshima, ndiyo iliyokuwa inayeyusha udongo. Na pengine ndiyo iliyokula matao yote yaliyotangulia, miaka yote ile, kila tulipojenga moja na kulipamba.

"Tunabadilisha," nikasema. "Sasa hivi. Moto unawaka."

Nilifunikwa magunia yaliyoloweshwa, kichwa na mabega, nikapanda juu ya chumba cha moto. Fundi alinishika kiunoni kutoka nyuma kwa kitambaa. Nikafungua ndoano ya kwanza kwa chuma kirefu. Bloku likaanguka, na ulimi wa moto ukatoka kwenye nafasi ile mpaka nikasikia nyusi zangu zinaungua. Nikaingiza jipya. Likalipuka vipande vipande kabla sijalitundika.

"Shuka," fundi akasema. "Yaya, shuka, batoto ni ba nani ukifa?"

"Ni baridi," nikamjibu. "Bloku ilikuwa baridi, njo maana imepasuka. Leteni zingine hapa pembeni, zipate joto kwanza."

Tuliliziba lile tundu kwa bati na udongo. Mabloku tisa yaliyobaki tukayapanga juu ya ukuta wa tanuri, ambako hata mkono haukai, tukayageuza kama mtu anavyogeuza mahindi. Saa ilipita, ya pili ikapita. Nilipopanda tena nilishika bloku kwa magunia mawili, nikalishusha polepole. Likakaa. Nikatundika ndoano, nikaziba pembeni kwa uji wa udongo uleule, bila chembe ya chokaa. Nikangoja nisikie mlio. Hakukuwa na mlio.

Mpaka alasiri nilikuwa nimebadilisha saba yaliyoliwa zaidi; mengine yalikuwa yameacha kutoka jasho. Tao lilisimama muda wote huo mikononi mwa watu waliolibomoa na kulijenga kipande kwa kipande, na moto chini yake haukupungua hata gogo moja. Fundi alikuwa ameacha kuniambia nishuke. Alikuwa anauliza tu: "Ingine?" Nami najibu: "Ingine." Mikono yangu ilikuwa imejaa malengelenge na nilikuwa nataka kuimba.

Uchomaji ulimaliza siku zake nne. Tulipofungua chini, mzee wa Kamembe alikuwepo. Hakutazama tao kwanza. Alichukua bonge la chokaa, akalitumbukiza kwenye karai la maji, akainama kusikiliza. Maji yalichemka, bonge likafumuka likawa unga laini, jeupe mpaka ndani, bila kiini cha jiwe. Akajaribu la pili, na la tatu la chini kabisa. Ndipo akaja chini ya tao, akalitazama kwa muda, akahesabu kwa kidole mabloku mapya.

"Haya ulibadilisha moto ukiwaka?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nani alikufundisha, mwanangu?"

Nilitaka kumwambia habari ya vigae na muhogo, lakini niliwahiwa. Fundi ndiye aliyejibu: "Huyu hafundishwe, Mzee. Huyu anauliza mpaka unachoka." Kisha akaongeza mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, kwamba brashi ilikuwa mkononi mwake.

Mzee akapangusa vidole kwenye kanzu. "Likipoa, jazeni tena," akasema. "Na lile tanuri langu la pili kule juu kilimani, lililolala bila moto, mlitengenezee paa kama hili."

Jumapili baba mdogo alifika, kama alivyoahidi aliposikia kwamba tanuri huenda likafungwa, na baiskeli mbili za kubebea watoto na mizigo. Nilimpa maharage na ndizi, akala, akaiangalia mikono yangu iliyofungwa vitambaa. Aliuliza kama tanuri limefungwa. Nikamwambia tunajenga la pili. Alikaa mpaka jua likapinda, akazungumza na wadogo zangu kila mmoja kuhusu shule yake, kisha akaondoka anaendesha baiskeli moja na kuikokota nyingine, vibebeo vyote vikiwa vitupu. Kesho yake, wafinyanzi wa vigae walipofungua, walinikuta nimeshafika, nataka udongo wa mabloku arobaini.