Chupa ya Pili Chini ya Boneti

Rehma Mbarak alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya kubeba dagaa wa omena wakati ardhi ilipoanza kumtetemesha mgongo. Alijua ni injini. Alijua pia kwamba injini ya namna hiyo haijawahi kukanyaga soko la Kibuye, mjini Kisumu, tangu afungue kibanda chake hapo. Alijisukuma kutoka chini ya pikapu, akafuta mikono kwenye dera la kazi, akasimama.

Gari lilikuwa la buluu, pana, la chini, pua ndefu kama la kwenye picha. Lilipita katikati ya vibanda polepole mno, likinguruma, na mafundi wote wakaacha walichokuwa wakifanya. Likasimama mbele ya kibao chake kilichoandikwa BREKI NA KLACHI TU.

"Wewe ndiye Mama Breki?" aliuliza mtu aliyeteremka.

"Ni mimi," Rehma akajibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa mtaa wa Kaloleni papo hapo mjini, na breki alizijua kabla hajajua kuandika vizuri. Baba yake, Mzee Mbarak, alikuwa dereva wa lori la sukari, na kila Jumapili alimkalisha bintiye kwenye kiti cha dereva amsaidie kutoa hewa kwenye breki. "Kanyaga! Shika! Achia!" Baba akiwa chini, mtoto juu, mguu haufiki vizuri mpaka ateleze hadi ukingoni mwa kiti. Alipomaliza shule alifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye karakana ya matrekta ya shamba la miwa, mwanamke peke yake kati ya wanaume ishirini. Huko ndiko alikojifunza kwamba mafuta yaliyofungiwa ndani ya paipu yana nguvu ya kuinua tani tano, na kwamba povu moja la hewa linaweza kuiharibu nguvu hiyo yote. Baadaye akafungua kibanda chake Kibuye. Watu wa matatu, wa pikapu za samaki, wa vigari vya probox vinavyobeba miraa, wote walimjua. Kazi haikukosekana, naye aliipenda. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hata bintiye Aaliyah hakuwahi kuambiwa: kila jioni, akinywa chai, Rehma alitazama kwenye simu magari ya Kimarekani yenye silinda nane, sauti akiipandisha mpaka mwisho. Sasa moja lilikuwa limesimama mlangoni pake.

Mwenye gari aliitwa James Wahome. Wazazi wake walitoka Nyeri, yeye akazaliwa Kisumu, na sasa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Gari alilinunua Uingereza likiwa limetumika miaka sita.

"Hii gari inanitesa, Mama," alisema. "Nikienda pole iko sawa kabisa. Lakini nikiivuta kwa nguvu, halafu nikanyage klachi nibadilishe gia, pedali inalala chini. Hairudi! Naivuta na kidole cha mguu kama kiatu kimeingia chini ya kitanda."

"Na umeipeleka wapi?"

"Mafundi watatu. Wote wanasema giaboksi ishuke, klachi yote ibadilishwe. Na wikendi ijayo kuna mashindano ya kupanda mlima kule Nyakach. Nimeshajiandikisha."

Fundi wa kibanda cha pili, Mzee Ondiek, alikuwa amekwisha kufika. Huyu alikuwa bingwa wa giaboksi, mwili mkubwa, sauti kubwa kuliko mwili. "Hao wamesema ukweli," akatangaza. "Shusha giaboksi. Mimi nitaishusha leo leo."

"Ngoja kwanza, Mzee," Rehma akasema. "Fungua boneti."

Wahome akafungua. Rehma alivuta pumzi. Injini ilijaa pembe hadi pembe, safi, kubwa, na kwa dakika nzima hakugusa kitu, alitazama tu. Kisha akaanza kutafuta chupa ya mafuta ya klachi. Alitafuta kulia, akatafuta kushoto. Hakuiona. Ilikuwapo chupa moja tu, ya breki, na ubavuni mwake ulitoka mpira mwembamba ulioshuka na kupotelea kwenye ukuta wa bati ulio nyuma ya injini.

"Ah!" alisema. "Wanakula sahani moja."

"Nani?"

"Breki na klachi. Chupa ni moja. Hapa juu mafuta ni safi, ona, ni rangi ya asali. Ukifungua kifuniko unaona kila kitu kiko sawa. Lakini huko chini kwa klachi ni mbali na ni joto. Wacha tuone."

Aliingia chini ya gari, akafungua skrubu ya kutolea hewa, akakinga kikopo. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama maji yaliyozima makaa. Alimwonyesha Wahome, akamwonyesha na Ondiek, ambaye alinusa akakunja uso.

"Haya mafuta yamechemka mara nyingi," Rehma alieleza. "Yamekula vumbi la klachi na maji ndani. Ukiikimbiza gari, joto linapanda, yanatoa mvuke. Na mvuke hauwezi kusukuma kitu. Ndiyo maana pedali inalala."

Siku hiyo alisukuma mafuta mapya mpaka yaliyotoka chini yakawa na rangi ya asali. Wahome akaondoka akiimba. Baada ya siku mbili akarudi hana wimbo. Pedali ilikuwa imeanza tena, na mafuta ya chini yalikuwa yameshakuwa kahawia.

"Si nilisema?" Ondiek akauliza, mikono kiunoni. "Giaboksi!"

Rehma alikuwa ameinama juu ya ile chupa moja, akiwaza. Uchafu uliobaki kwenye kona za mfumo ulikuwa ukitoka kidogo kidogo. Ungeisha, lakini kwa kubadilisha mafuta mara kwa mara, na kila mara ukibadilisha ungelazimika kuyachezea mafuta ya breki pia. Nani afanye hivyo kila asubuhi? Kwenye matrekta, klachi ilikuwa na chupa yake. Kwenye lori la baba ilikuwa na chupa yake. Akainua kichwa.

"Bwana Wahome," alisema, "tuwatenganishe."

"Kina nani tena?"

"Hawa wawili. Breki ibaki na chupa yake. Klachi naipatia yake, ndogo, ya peke yake. Ikichafuka unanyonya na sindano, unajaza safi, unakanyaga mara thelathini, unarudia. Dakika tano. Breki huzigusi hata kidogo."

Wahome alimtazama, akatazama gari alilohangaika miaka minne kulinunua. "Umewahi kuifanya kwa gari kama hii?"

"Sijawahi kuona gari kama hii," Rehma akasema, na kicheko kikamtoka. "Lakini mafuta nimeyaona."

Chupa aliipata kwa wauza spea, imetolewa kwenye pikapu kuukuu ya Kijapani, na kifuniko chake kizima. Kazi ilikuwa kupata mpira. Muuzaji mmoja alimpa ule wa kupitisha mwanga, wa petroli, akaapa kwamba utafaa. Rehma aliurudisha mezani. Mafuta ya breki yangeulainisha kama ugali ndani ya wiki mbili. Alizunguka vibanda vinne mpaka akapata mpira mweusi wenyewe, ulioandikwa ubavuni kwamba ni wa mafuta ya breki.

Alianza na breki. Aliung'oa ule mpira mwembamba kwenye chupa kubwa, na mdomo uliobaki wazi akauziba kwa kizibo kizito cha mpira, akakibana kwa klipu. Chini yake akaweka karatasi nyeupe, akakataa kuendelea mpaka kesho yake.

"Mashindano ni Jumamosi, Mama Aaliyah," Wahome alimkumbusha.

"Klachi ikikataa, utachelewa kufika juu. Breki zikikataa, hutafika kabisa. Kesho."

Asubuhi karatasi ilikuwa kavu kabisa. Rehma akakata braketi kutoka kipande cha bati nene, akaifunga ubavuni, karibu na spring ya gurudumu, palipokuwa na nafasi nzuri. Akapitisha mpira, akajaza mafuta, akakanyaga pedali. Ikaenda chini, ikabaki huko huko. Akaiinua kwa mkono, akakanyaga tena. Chini. Mara hamsini, chini.

Wahome alikuwa amekuja na soda za kusherehekea. Aliziweka chini taratibu.

Rehma alichukua tochi, akaufuata ule mpira kwa kidole, sentimita kwa sentimita, kutoka kwenye ukuta wa injini hadi kwenye chupa. Ulipanda, ukapinda juu ya nyaya, ukashuka kidogo, kisha ukapanda tena. Kidole chake kikasimama pale kwenye nundu.

"Hapa!" akapiga kelele, na watu wa vibanda vya mbali wakageuka. "Hewa imekaa hapa! Hewa inataka kupanda tu, na mimi nimeiwekea paa. Chupa ihame, ikae juu zaidi, ukutani, mpira upande moja kwa moja."

"Basi hiyo braketi haitafaa," Ondiek akasema. Alikuwa amesogea karibu bila mwenyewe kujua. "Ukutani kuna mgongo. Lazima ipindwe mara mbili. Yawa, jamani, leta hapa! Wewe utaivunja." Akaenda kuchukua nyundo yake mwenyewe, ile ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa, akaipinda braketi juu ya kipande cha reli kwa mapigo sita. Ilikaa ukutani kama imezaliwa hapo.

Kisha ikabidi mtu mmoja akanyage na mwingine alale chini. Ondiek alijikunja kwenye kiti cha dereva, tumbo limegusa usukani.

"Kanyaga!" Rehma aliita kutoka chini. "Shika! Achia!"

"Nashika!"

"Kanyaga! Shika! Achia!"

Wahome alikuwa juu ya ile chupa, akiangalia. "Inatoa mapovu!" alipayuka. "Mapovu mengi! Yanapanda!" Baada ya muda: "Ni machache." Na baadaye: "Hakuna. Mama, hakuna kitu!"

"Mzee, pedali iko aje?"

Sauti ya Ondiek ikatoka, ndogo kuliko kawaida yake. "Ni ngumu. Inarudisha mguu wangu. Mama Aaliyah, hii pedali inanisukuma!"

Soda zikafunguliwa.

Asubuhi iliyofuata Rehma alilitoa gari kwenda kulijaribu kwenye barabara ya Busia, Wahome pembeni yake. Walipita Kisian, wakapata mahali barabara imenyooka na hakuna mtu. "Sasa," Wahome akasema. Rehma akakanyaga mafuta. Kiti kilimkumbatia. Mngurumo alioujua kwenye simu ukamwingia kifuani, na mshale wa mizunguko ya injini ukaruka elfu tano, elfu sita, karibu elfu saba. Akakanyaga klachi, akavuta gia ya pili, akaachia. Pedali ilirudi pamoja na mguu wake, bila kusita hata kidogo.

Alipunguza mwendo, akaingia kando, akasimama. Halafu akapiga vigelegele, peke yake, madirisha yakiwa wazi, na mwanamke aliyekuwa akianika mihogo ng'ambo ya barabara akamjibu kwa vigelegele vyake bila kujua ni vya nini.

Wahome alimgeukia. "Mama Aaliyah," alisema, "kila gari inaruhusiwa madereva wawili. Naandikisha jina lako."

"Mimi? Mimi ni fundi."

"Nimeona vile umebadilisha hiyo gia. Mimi sijawahi kuibadilisha hivyo."

Jumamosi barabara ya mlimani kule Nyakach, mbele ya Pap Onditi, ilikuwa imefungwa, na watu wamejipanga juu ya kingo wakiwa na miavuli na miwa. Magari kumi na tisa, kila dereva mizunguko miwili. Ondiek alikuja na begi la spana, akajitangaza kuwa meneja. Kabla ya zamu yao, Rehma alifungua kile kichupa, akanyonya mafuta yaliyoanza kuwa kahawia, akajaza mapya, akakanyaga, akarudia. Fundi wa timu ya Nairobi alikuja kuchungulia, akauliza mpira ameutoa wapi.

Wahome alipanda wa kwanza, akarudi anacheka kama mtoto: dakika tatu na sekunde kumi na mbili, na gia zote zimeingia.

Ikawa zamu ya Rehma. Alikaza mtandio, akavaa helmeti juu yake, akafunga mikanda. Mwenye bendera alimtazama mara mbili. Bendera ikashuka.

Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pedali ikaja kila alipoiita. Kona ya kwanza akaichukua vizuri, ya pili vizuri zaidi. Ya tatu alichelewa kushika breki, mkia ukateleza, na kwa kitambo aliona mbele yake mawe na mbuzi na mtu mwenye mwavuli akikimbia. Akaachia mafuta, akageuza usukani kuufuata mkia, gari likanyooka. Alisikia mtu akipiga kelele ndani ya helmeti, akatambua ni yeye, na hakuwa akilia; alikuwa akicheka. Akakanyaga tena. Kona ya nne, ya tano, kisha juu, upepo, watu, bendera ya mwisho.

Kipaza sauti kikatangaza: Rehma Mbarak wa Kisumu, dakika tatu na sekunde kumi na sita. Wa tisa.

Ondiek alikuja akikimbia, begi likimgonga magoti, Wahome nyuma yake. "Wa tisa!" alipayuka. "Wa tisa kati ya watu wote hawa!"

Rehma alivua helmeti. Jasho lilimtiririka, macho yanamwaka. "Ile kona ya tatu nilichelewa," alisema. "Nilipoteza kama sekunde tano pale. Bwana Wahome, mzunguko wa pili unaanza saa ngapi?"