Mzazi Mwenza Aliyekataa Viti vya Bluu

Kwetu Kenya mzungu yeyote anayetoka visiwa vile ni Mwingereza, na mambo yanaishia hapo. Kwa hiyo binti yangu alipomleta nyumbani kwetu Rosettenville, huku kusini mwa Afrika tunakoishi, kijana mrefu mwenye madoadoa usoni, niliwapigia simu dada zangu Nairobi nikawatangazia kwamba tumepata mkwe Mwingereza. Kijana mwenyewe alikuwa amekaa pale pale sebuleni. Kiswahili hakijui, lakini neno hilo alikuwa ameshafundishwa, na chai ikampalia.

"Eish, Ma," binti yangu akaninong'oneza. "Yeye ni Mskoti. Usirudie tena."

Niliahidi sitarudia. Nilirudia mara nyingi, kwa sababu sura yake ilivyokuwa inabadilika ilinifurahisha.

Nafundisha chuo kikuu, na ugonjwa wa walimu ni kutaka kila kitu kielezwe. Nikamwuliza tofauti ni nini. Ilichukua Jumapili nzima, na sehemu kubwa ya maelezo ilikuwa mpira. Glasgow, alisema, ina klabu mbili kubwa, moja ya kijani na moja ya bluu. Wa kijani wengi mababu zao walitoka Ayalandi, ni Wakatoliki, na siku hizi wengi wanataka Uskoti ijitawale. Wa bluu ni Waprotestanti, wanampenda mfalme, na uwanjani wanapeperusha bendera ya Muungano wao na Waingereza, ile ya nyekundu, nyeupe na bluu. Si wote, akaongeza haraka, wapo wa kila namna. Lakini ukijua mtu anamshangilia nani, umeshakisia anasali wapi na anapiga kura vipi.

Nikamwambia pole, mwanangu, umesafiri kote huko kuja kutueleza ya kwetu. Kenya mtu anakuuliza jina lako la mwisho, na kabla hujamaliza kulitamka ameshajua klabu yako na mgombea wako wa urais. Alicheka, lakini nusu.

Nusu nyingine ilikuwa ya baba yake. Mzee ni wa kijani kindakindaki. Ilipopigwa ile kura ya kuamua kama Uskoti ijitenge, yeye alisema ijitenge, kijana akasema ibaki. Mzee akaona mwanawe wa kumzaa amekwenda kukaa na wa bluu. Tangu hapo walitumiana salamu za Krismasi, basi. Mama yake kijana alishafariki, na ndugu hana. Harusi ilipokaribia, upande wetu shangazi na wajomba walikuwa wengi hadi hatujui tutawalaza wapi; upande wa bwana harusi kanisani lingekuwa benchi tupu. Jambo hilo lilimnyima binti yangu usingizi. Mimi ni mjane, nimeshakaa harusini karibu na kiti kitupu, na sikutaka aanze ndoa yake hivyo.

Binti yangu akamwandikia mzee kimyakimya. Mzee akajibu kwamba atakuja kuniamkia mimi, mzazi mwenzake, kwa sababu adabu ni adabu. Lakini tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Ukaidi wa namna hiyo nauheshimu. Unahitaji mipango.

Sasa, harusi ya Wakenya lazima iwe na rangi. Kamati inakaa, watu wanakunywa soda, wanagombana, rangi inapatikana, na kuanzia siku hiyo kila kitu kinachohusu harusi kinavaa rangi hiyo. Mimi nilipigania bluu. Jezi ya timu ya taifa ya Uskoti ni bluu iliyokoza, karibu nyeusi, na timu ya taifa ndiyo kitu pekee ambacho baba na mwana walibaki wakikipenda wote wawili. Siku ambayo mzee angekuja kwangu kwa chakula, Uskoti ilikuwa inacheza alasiri. Nilijiona mwanadiplomasia. Nikampelekea fundi wangu wa mtaa wa Yeoville, Mkongo mwenye mkono mzuri sana, kazi ya kushona kitambaa cha meza na vifuniko vya viti na sofa.

Mzigo ulinifikia asubuhi ya siku yenyewe. Nikatandika mbio mbio, ndipo nikaona rangi si ile. Nikampigia.

"Mama, ile bluu ya giza ilishaisha," alisema. "Nikatia hii ya kuangaza, iko kitoko. Na pembeni nikaongeza rouge na blanc, juu isikuwe na huzuni."

Nikatazama tena ule ukingo wa nyekundu na nyeupe. Kweli vilipendeza. Mimi niliyefundishwa rangi Jumapili nzima niliona urembo tu, nikaenda kugeuza kuku.

Mzee aliingia amevaa shati la mikono mifupi, katikati ya Juni, msimu wa baridi huku, kwa kuwa alikuwa ameambiwa Afrika kuna joto. Alikuwa anatetemeka. Nikampa mkono, nikamwambia karibu, mzazi mwenzangu. Akatabasamu vizuri. Kisha macho yake yakafika sebuleni, na tabasamu likaondoka. Bluu inayong'aa, nyekundu na nyeupe, kuanzia meza hadi sofa. Nilikuwa nimemkaribisha mtu wa kijani ndani ya bendera ya mfalme.

Akamgeukia mwanawe. "Ni wewe uliyepanga hivi?"

"Hapana, baba."

"Ni mimi," nikasema, na ndipo nami nikaelewa nilichofanya, nikatamani ardhi ipasuke. Nikamweleza habari za fundi wa Yeoville. Mzee alisikiliza kwa heshima yote. Halafu akatoka nje uani, akarudi na kiti cheupe cha plastiki, kile ninachokalia nikifua nguo, akakiweka pembeni na kukaa. Binti yangu akaenda jikoni kulia. Mimi nikapakua chakula, maana sikujua la kufanya.

Alikula akiwa ameshika sahani mapajani. Mpira ukaanza. Baba pembeni kwenye plastiki, mwana kwenye sofa ya bluu, na kila mmoja alikuwa anaisema televisheni kama vile mwenzake hayupo. Wimbo wa taifa walikuwa wameuimba wote wawili, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Nimeangalia mechi za Uskoti nyingi tangu siku hiyo, na naweza kusema kwamba kuimba wanaweza.

Kipindi cha pili, bado bila kwa bila, umeme ukakatika. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mzee, aliyedhani mimi ndiye niliyezima. Mtandao nao ukadhoofika. Kwenye simu ya kijana picha ikakataa, redio tu ikapita. Spika ya simu hiyo ilikufa siku ilipotumbukia kwenye sinki. Kilichobaki ni visikilizio vya waya, na waya wenyewe mfupi.

Kijana akaweka kimoja sikioni. Kingine akakishika mkononi, akaunyoosha mkono kuelekea kiti cha plastiki. Mzee alitazama ukuta. Kutoka kwenye kile kisikilizio cha mkononi tukasikia mlio mdogo wa watu wakipiga kelele, na uso wa kijana ukabadilika.

"Nini?" mzee akauliza. "Nini?"

"Penalti."

"Ya nani?"

"Yetu."

Mzee akainuka. Akakaa kwenye bluu, bega kwa bega na mwanawe, akachukua kisikilizio, na vichwa vyao vikakutana kwa sababu ya ule waya. Mimi na binti yangu tulikuwa tunasoma mechi usoni mwao. Tuliona wakivuta pumzi. Tuliona wakifumba macho. Kisha nyuso zote mbili zikaporomoka kwa wakati mmoja, midomo ikapinda upande mmoja, nyusi zikashuka sawasawa, hata mtu asiyewajua angejua huyu kamzaa huyu.

"Imepita juu ya goli," kijana akasema.

"Najua," mzee akasema. "Nimesikia. Sikuzote inapita juu."

Hakurudi kwenye plastiki. Dakika za mwisho walifungwa, naye akaweka mkono kwenye shingo ya mwanawe na kuuacha pale. Nikaleta blanketi nikawafunika wote wawili.

Alhamisi ilipita. Jumamosi niliingia kanisani na umati wangu wa mashangazi, nikatazama upande wa pili. Kwenye benchi la mbele alikuwa amekaa mtu mmoja, amenyooka, amevaa tai ya bluu inayong'aa yenye ukingo wa nyekundu na nyeupe. Fundi wa Yeoville alikuwa na mabaki ya kitambaa. Suruali ilipopanda kidogo niliona soksi: za kijani.

Nikavuka njia ya katikati kwenda kumsalimu, machozi yameshanitoka kabla hata bibi harusi hajaingia. Akanivuta karibu.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "picha za leo zisifike Glasgow."