Somo wa Baba

Harufu ya glavu za sufu zinazokaukia juu ya kipasha joto hunirudisha kila mara Crescent Town, Toronto, kwenye fleti yetu ya ghorofa ya juu, majira ya baridi yale baba alipoondoka. Nilikuwa na miaka tisa. Baba aliitwa Urbano kwa sababu alizaliwa Moshi siku ambayo kalenda ya kanisa humkumbuka Papa Urbano wa Tano, na kwao mtoto alipewa jina la siku yake. Kila Desemba, siku ya somo wake, fleti ilinukia ndizi na nyama, na baba alipakuliwa wa kwanza. Mwaka ule alikuwa amerudi Moshi, akisema anakwenda kutazama hali, kisha atarudi kwetu Toronto. Mama alipika vilevile, akaweka sahani yake mezani, akamwita jirani yetu Anti Filomena, Mgoa wa Dar es Salaam ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu.

“Huyo Papa alikuwa nani hasa?” niliuliza.

“Wa Avignon, Ufaransa,” alisema Anti, akichuna mnofu kwenye mfupa. “Mapapa walihamia huko miaka mingi, wakazoea, kama sisi hapa. Huyu akasema basi, mie narudi Roma. Wakamlilia wee, akaenda.”

“Halafu?”

“Roma ikamshinda. Akarudi Avignon.”

“Filo, usimtie mtoto matumaini,” mama alisema.

“Mie nasimulia ya Papa tu, shoga.”

Lakini mimi matumaini nilikuwa nimeshayapata. Ikiwa Urbano yule alirudi, wangu naye angerudi. Tangu hapo nilikaa dirishani kila jioni nikitazama daraja la waenda kwa miguu litokalo stesheni ya treni. Wanaume walivuka na theluji mabegani, kila mmoja akitembea kama baba mpaka anapokaribia. Alipopiga simu nilimuuliza, kwa Kiingereza changu, anarudi lini. “Mambo yakitulia, mwanangu.” Hayakutulia. Sikumbuki ni mwaka gani mama aliacha kuweka ile sahani.

Ukubwani nilisoma mwisho wa kisa: Papa alifika Avignon, na baada ya miezi michache akafa. Nadhani Anti alilijua hilo, akalimeza pamoja na nyama.

Tangu hapo nimeishi Halifax, Calgary, hata Moshi kwa baba, ambako nililala macho nikikosa mngurumo wa kipasha joto. Moshi ikanishinda. Nikarudi Toronto, ambako mama alishazikwa. Nimepanga chumba karibu na daraja lilelile, na glavu zinazokauka ni zangu peke yangu. Desemba hii pia nilipika ndizi, nikampigia baba kumtakia heri ya somo. Sauti yake imekuwa nyembamba.

“Unarudi lini nyumbani?” aliuliza.

Siku hizi humjibu kwa Kiswahili. “Mambo yakitulia, baba,” nilisema.