Jenereta na Kirusi Kilichobadili Sura

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa chini kabisa ya jengo, na mfuaji mmoja wa humo, mwanamke, wenzake walimwita Jenereta, kwa sababu mashine zote zikinguruma kwa pamoja bado sauti yake ilisikika. Alikuwa na mume fundi bomba, mtu mpole, na watoto wawili waliozoea kumsikia akiwaita hata wakiwa nyumba ya tatu. Pombe hakuwahi kuionja. Alikuwa akisema baba yake alikunywa ya ukoo mzima, hakumbakizia hata tone.

Kazi yake ilikuwa kufungua magunia ya mashuka kutoka chumba cha upasuaji. Mashuka hayo huja na vitu vilivyosahaulika ndani: pamba, mkasi, na mara nyingine sindano. Glavu walizopewa zilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Siku sindano ilipomchoma kidole alitukana mpaka akaishiwa, akanawa kwa sabuni, akapanda kwa msimamizi.

"Si ulichanjwa wewe?" msimamizi alijibu, macho kwenye simu. "Homa ya ini haikupati. Kachukue dawa za kukinga Ukimwi, urudi kazini."

Kweli alikuwa amechanjwa, sindano zote tatu, tangu alipoajiriwa. Akameza zile dawa, akasahau.

Miezi michache baadaye mwili ukaanza kumgomea. Chakula kikamchefua. Mkojo ukawa mweusi kama chai iliyokolea, na asubuhi moja mtoto wake mkubwa akamwambia, "Mama, macho yako ya njano." Alikwenda hospitali ileile anayoifulia mashuka. Daktari kijana akampima kwa kipimo cha haraka, kikaonyesha hana homa ya ini ya B. Vipimo vya virusi vingine vya ini navyo vikatoka safi.

"Mama, unakunywa nini?" daktari akauliza.

"Maji."

"Naulizia vileo. Niambie ukweli nikusaidie."

"Nimekwambia maji! Unataka ninywe gongo ndipo unitibu?"

Daktari aliandika tu. Sijui ni nani aliyeteremsha habari kule chini, lakini kabla ya wiki kwisha chumba kizima cha kufulia kilijua kwamba Jenereta ini limeoza kwa pombe. Msimamizi akamhamishia kwenye kukunja taulo, eti asije akalewa karibu na mashine. Wifi yake alikuja kumjulia hali huku pua ikinusanusa vikombe.

Yote hayo aliyabeba kwa matusi, na matusi yalimpa nafuu. Lililomchoma ni la mume wake. Aliketi kitandani pembeni yake, akamshika mkono, akasema taratibu, "Mke wangu, kama huwa unaonja kidogo, mimi sitakulaumu."

Jenereta alizimika. Hakupiga kelele wala hakutupa kitu. Aliutoa mkono wake, akageukia ukutani, na kuanzia hapo akawa anazungumza na mume wake kupitia watoto: "Mwambieni baba yenu chakula kipo."

Hasira hiyo ndiyo iliyompeleka hospitali nyingine, kwa daktari wa kike wa magonjwa ya ini. Daktari huyu aliuliza habari za kazi yake kwanza. Aliposikia kuhusu sindano akaweka kalamu chini, akachukua damu na kuituma kwenye maabara kubwa, zitafutwe humo chembe za urithi za kirusi. Majibu yaliporudi alimwita.

"Una homa ya ini ya B."

"Nimechanjwa! Na kipimo kilisema sina!"

"Vyote viwili ni kweli. Chanjo inaufundisha mwili kukitambua kirusi hiki kwa sura. Sasa kirusi kikizaliana hukosea kujinakili, na mara chache kosa huangukia pale pale usoni. Kilichokuingia kina sura ambayo kinga yako haikufundishwa. Na kile kipimo nacho kinatafuta sura ya zamani, kikapitwa."

"Kwa hiyo chanjo ni bure?"

"La. Inawakinga watu wengi mno. Wewe umekutana na cha nadra."

"Katika watu wote hawa, kikanichagua mimi," Jenereta alisema, na kwa mara ya kwanza akalia, kwa ghadhabu tupu.

Ugonjwa haukuondoka wenyewe, ingawa watu wazima wengi huwatoka. Akaanzishiwa vidonge vya kila siku, na njano ikatoka machoni.

Alipopata nguvu alimfuata msimamizi wake mbele ya wafanyakazi wote, akamweleza majibu. Msimamizi akainua mabega. "Sasa sisi tungejuaje?"

"Hukujua, lakini ulisema! Hukujua, ukanitangaza mlevi!" Mashine zilikuwa zinanguruma, na bado walimsikia mpaka ghorofani. Hakuombwa msamaha. Glavu nene zilikuja, kwa sababu wenzake waligoma kugusa gunia bila hizo.

Mume wake alipimwa kwa kipimo cha maabara ile, akakutwa mzima. Alipoambiwa akachanjwe alisita. "Chanjo hiyohiyo iliyoshindwa kukukinga wewe?"

"Nenda!" Jenereta alimfokea. Ilikuwa miezi tangu aseme naye moja kwa moja. "Mimi nilipatwa na kile kilichogeuka sura. Wewe unataka na vile vya kawaida vikukute mlango wazi?"

Akaenda. Aliporudi, bega linamuuma, alikuta ametengewa chakula. Jenereta aliketi kando yake, bado amenuna, akala.