Ng'ombe wa Pembe Moja

Mimi nilinyoosha mkono. Naanza hapo ili mtu asije akasema nimeficha. Siku komiti ya kambi ilipouliza nani anataka mapambo ya dini yaondoke kwenye banda la steji, mkono wangu ulikuwa juu kabla ya wenzangu wengi, tena nilikuwa nimesimama.

Banda lenyewe ni la wote. Lina paa la bati, ukuta mmoja wa matofali na mabenchi mawili, na magari yanayoingia Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, kutoka Mbarara au Kikagate hushusha watu pale. Mimi nauza chai na mandazi pembeni yake, huu ni mwaka wa tisa. Kila Desemba, chini ya ule ukuta, Mzee Herménégilde alijenga pango la Noeli. Aliezeka kwa majani makavu ya migomba, akatandika nyasi, akapanga Mariamu na Yosefu na wachungaji na wanyama, wote wa udongo aliofinyanga mwenyewe. Na kila mwaka ng'ombe wake alikuwa na pembe moja.

Sababu tuliijua sote. Huko kwao Burundi, binti yake Ancilla alimvunja ng'ombe wa pango pembe akimchezea. Alikuwa na miaka saba. Akalia mpaka akakataa kula. Baba akamwambia, basi, tangu leo huyu ni ng'ombe wako, na sitamwekea pembe nyingine. Miaka miwili baadaye, mwaka 2015, watu walipokuwa wanakimbia, mtoto alipandishwa gari na shangazi yake kwenye mpaka wa Tanzania, mzee akabaki nyuma na mizigo. Hajawaona tena. Alipita kambi mbili akiuliza, akaandikisha majina yao kila mahali panapoandikwa majina, mwisho akafika hapa na wazo moja tu kichwani. Mtoto akishuka kwenye gari, akamwona ng'ombe wa pembe moja, atajua baba yuko karibu.

Miaka kumi ya kumngoja, jamani. Watu walichoka, na mimi nilichoka zaidi yao. Kuna Desemba sisi walokole tulikuwa na mkutano mkubwa, tukalipamba banda kwa baluni na riboni, likapendeza kweli. Asubuhi vijana wa Katoliki wakavitoa vyote, wakasema ukuta ule ni wa pango. Niliudhika, sitasema uongo. Halafu Waislamu wakasimika bendera zao za kijani za Maulidi, na nani alikuwa wa kwanza kulalamika? Sisi. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mwenyekiti wetu Natanaeli ni mtu mpole asiyependa kelele. Aliona dawa ni kuondoa vyote. "Banda ni la wote," alisema, "basi lisiwe la yeyote." Tukapiga makofi.

Mzee Herménégilde akasimama, kofia mkononi. "Siombi ukuta wote," alisema. "Pango nitapeleka kanisani. Muniachie fasi ya ng'ombe tu. Ng'ombe hana dini."

Watu walicheka. Na mimi, kwa huu mdomo wangu usio na breki, nikasema, "Mzee, leo ng'ombe, kesho Yosefu." Wakacheka zaidi. Yeye akavaa kofia yake akaketi.

Kanisani hakupeleka kitu. Wanaoingia kule ni Wakatoliki wa hapahapa, anawajua mmoja mmoja. Alikuwa akimuuzia masigiri, yale majiko ya udongo, mfanyabiashara mmoja wa Mbarara, Twinomujuni, mwenye duka la mabati pale Kakoba, kando ya barabara ambako magari ya huku kwetu hupakia. Akamwomba kipande cha baraza, na bwana yule akakubali. Tarehe ishirini na mbili Desemba, asubuhi, nilimwona mzee akipanda gari na boksi lake, kila sanamu imefungwa kwa nyasi. Hakunisalimu.

Siku hiyohiyo, mchana, ikaja pikapu kutoka Kikagate. Dereva alishusha magunia bila kuzima injini. Msichana akateremka, umri kama miaka kumi na tisa, ishirini, kajifunga kitenge, simu mkononi. Akautazama ukuta, kisha akaja kwangu.

"Mama, hapa si kulikuwaka pango ya Noeli?"

"Lilikuwapo. Limeondolewa."

"Na ile ng'ombe ya pembe moja?"

Mafuta yalikuwa yamepata moto kupita kiasi, mandazi yanaungua, na habari za pango hilo zilikuwa zimenichosha masikio mwezi mzima. Nikamjibu bila kuinua kichwa. "Kaulize komiti."

"Komiti iko fasi gani?"

Nikamwonyesha kilimani kwa kijiko. Dereva akapiga honi. Msichana akasimama kidogo, akautazama tena ule ukuta mtupu, akapanda. Gari likashika njia ya Mbarara. Mimi nikageuza mandazi yangu.

Akili ilinirudia wakati naosha vikombe. Nilikimbia mpaka barabarani na mikono imejaa sabuni. Gari lilikuwa limeondoka muda mrefu.

Mzee alirudi jioni ileile, boksi bado mikononi. Ajabu, alikuwa anatabasamu kidogo, na akanisemesha kwa mara ya kwanza tangu mkutano. Akanieleza jinsi Twinomujuni alivyomgeuza ng'ombe huku na huku kisha akasema, "Mzee, hapa Ankole ng'ombe ni mapembe. Nikiweka hii kwa duka yangu, watu watasema mimi nimefilisika. Tengeneza ingine, ya mapembe marefu." Mzee akakataa, akafunga vitu vyake, akarudi. "Nimwekee pembe?" aliniuliza. "Sasa mtoto atamjuaje?"

Ikabidi nimwambie. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana niliogopa kukaa karibu naye.

"Alisema ng'ombe?"

"Alisema."

"Alisema pembe?"

"Alisema, Mzee."

"Jina lake ukauliza?"

Sikuuliza. Alikaa kwenye benchi na boksi magotini mpaka watu wote wakaondoka. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

Kesho yake tulikwenda wote Mbarara. Dereva tulimpata. Alisema msichana aliteremka Kakoba, mbele ya duka la mabati, akaulizia mabasi ya Kampala. Mzee akamshukuru, akauliza kama alikuwa amevaa viatu. Dereva hakukumbuka. Tulirudi mara mbili zaidi, tukauliza kwenye kila basi, tukatoka mikono mitupu. Watu hunifariji, husema labda aliona picha tu kwenye simu ya mtu, labda hakuwa yeye. Labda. Majuto hayangojei uhakika.

Januari nilimwendea Natanaeli, nikamwomba pango lirudishwe. Akafungua daftari la mikutano, akanionyesha jina langu. "Mama Junior," alisema, "tulikubaliana. Leo nikiruhusu pango, kesho nitawaambia nini wenye bendera?" Alikuwa na haki. Hilo ndilo linaloniuma.

Basi ng'ombe anakaa kwenye meza yangu ya chai. Meza ni yangu, si ya komiti. Anatazama barabara. Kila msichana anayeteremka namuuliza jina lake na la baba yake, na wengine hudhani nimerukwa na akili.

Mzee huja naye kila asubuhi, humweka mwenyewe kati ya birika na sahani, kisha huketi kwenye benchi. Kikombe ninachompelekea hupoa palepale. Jioni, gari la mwisho likishapita, humfunga ng'ombe wake kwenye kitambaa akaenda naye nyumbani. Nimemwambia mara nyingi amwache kwangu, nitamtunza. Hajawahi kuniachia.