Kipande cha Pili cha Piza

Kila asubuhi, kabla sijamaliza kahawa, Bi Odessa Pettway hupiga honi mbele ya kibaraza changu. Mimi hukaa mbele, kwa sababu kazini kwangu ni njiani na gari langu lilishakufa. Nyuma wamekaa mjukuu wake Tamia na mtoto wa miaka minane aitwaye Deshon, ambaye miguu yake haitulii hata ukimfunga mkanda. Deshon si ndugu yake. Bi Odessa humpeleka shule iliyo upande wa pili wa Detroit, na hakuna aliyemlazimisha. Anajilazimisha mwenyewe, na mimi najua kwa nini.

Mtaa wetu wote umekula mkononi mwake. Miaka mingi alikuwa mpishi wa shule ya serikali pale kona. Hata mimi alinipakulia maharagwe na kunikaripia niyamalize. Shule ile ikafungwa, madirisha yakapigwa mbao. Ikaja nyingine katika jengo la zamani la kanisa Katoliki, hizi tunazoziita shule za mkataba: zinalipwa kwa kodi zetu, zinaendeshwa na kampuni, na mzazi halipi ada. Bi Odessa wakamwajiri, ila si jikoni. Walimpa kazi ya kuzungumza na wazazi ili waandikishe watoto. Hawakuwa wajinga. Nani mtaani angemfungia mlango?

Sitaki kuisema vibaya kuliko inavyostahili. Wapo wanaozipaka matope shule hizi na wapo wanaozivika taji, na wote wananichosha. Tamia aliingia pale hajui kusoma hata pakiti ya chipsi. Krismasi ilipofika alisoma Zaburi mbele ya kanisa zima, na bibi yake akalia mpaka kofia ikamteleza. Mwalimu aliwapa wazazi namba yake, na ukimpigia anapokea. Koridoni hakuna ngumi. Kwa hiyo Bi Odessa alipogonga milango, alisema alichokiamini.

Mlango mmoja ulikuwa wa Ronetta, mama yake Deshon, ambaye hufua mashuka hospitalini usiku. Deshon ana akili, lakini kukaa hawezi. Akikaa, kiti chenyewe kinatembea. Katika shule yake ya serikali, si ile iliyofungwa, alikuwa na msaidizi, mwanamke wa kukaa naye darasani na kumtoa nje akizidiwa. Ronetta aliogopa kumpoteza mtu huyo. Bi Odessa akamwambia kwamba shuleni kwao pia Deshon atapatiwa wake. Mkuu wa shule ndiye aliyemwambia Bi Odessa hivyo, naye akalibeba neno bila kulipima.

"Ningekuwa nakudanganya, Tamia angekuwa pale?" alimwuliza.

Ronetta akatia saini.

Huku kwetu, Oktoba kuna Siku ya Hesabu. Idadi ya watoto waliomo darasani siku hiyo ndiyo inayoamua shule ipate fedha kiasi gani, basi kila shule, ya serikali na ya mkataba, hugeuka nyumba ya harusi. Kuna piza, kuna soda, kuna bahati nasibu ya baiskeli. Bi Odessa alizunguka na gari akiwatoa watoto vitandani, na wenye mafua akawafunga skafu. Deshon alikaa kitini kutoka kengele ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu Bi Odessa alimwahidi piza. Alipomaliza kipande chake, Bi Odessa akamwongezea cha pili kwa mkono wake mwenyewe.

Majani hayajaisha kuanguka, mkuu wa shule akamwita ofisini. Msaidizi hakupatikana na hatapatikana. Deshon alikuwa amepindua meza na kurudishwa nyumbani mara kadhaa. Mkuu akasema kwa upole kwamba shule ile labda haimfai mtoto huyu, na kwamba mama yake angelipokea jambo hilo vizuri kutoka kwa mtu anayemwamini. Hakutaka kumfukuza. Alitaka mama amwondoe mwenyewe. Bi Odessa akauliza, na fedha yake je? Mkuu akajibu kwamba mtoto alishahesabiwa, fedha ingebaki shuleni.

Angeweza kukataa. Ameniambia hivyo mara nyingi kibarazani kwangu, bila mimi kumwuliza. Alimfikiria Tamia, akaufikiria mshahara, akainua simu na kumpigia Ronetta.

"Nilitumia sauti yangu ya jikoni," huniambia. "Ile ya kumwambia mtoto, 'Kula, itakufaa.'"

Ronetta akajibu, "Asante kwa kuniambia wewe mwenyewe, Bi Odessa. Mwingine angenifanya nijione sifai kuwa mama."

Bora angemtukana. Maneno yale yamemkaa kooni mpaka leo kama mwiba wa kambare.

Shule ya zamani ilikuwa imejaa, na yule msaidizi alishahamishwa. Iliyokubali kumpokea ni ya mbali, na basi lake hupita Ronetta bado yuko kazini. Ndipo Bi Odessa akasema atampeleka yeye. Sasa Ronetta humwombea kanisani kwa jina, na Bi Odessa akiinamisha kichwa watu hudhani ni unyenyekevu. Kikulacho ki nguoni mwako, na Ronetta mwenyewe ndiye anayeipiga pasi nguo hiyo. Nilimshauri Bi Odessa amweleze yote.

"Nikimwambia, nitapumua mimi," alinijibu. "Yeye atapata nini?"



Jumanne iliyopita tulimshusha Tamia kwanza, kama kawaida. Alikimbia ndani na sare yake, na Deshon akamtazama kupitia kioo mpaka akapotea.

"Bi Odessa," akasema, "walinitoa kwa sababu nilikula vipande viwili?"

"Vipande vya nini, mwanangu?"

"Vya piza. Siku ile. Mwalimu alisema kila mtu kimoja."

Bi Odessa alishika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Si wewe," akasema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekupa."

Deshon alifikiri, miguu ikipiga mgongo wa kiti changu.

"Basi nenda ukamwambie mkuu," akasema. "Wewe anakusikiliza."

Gari la nyuma likapiga honi. Bi Odessa akatia gia, tukaendelea na safari ya shule ya mbali.