Fundi wa Ngokolo anayeitafutia kompyuta ya zahanati njia ya hewa

Saa tisa alasiri, Athanas Magesa anazima drili, anapuliza unga wa bati na kupitisha kidole kwenye ukingo wa tundu alilotoboa. Bado lina meno. Anachukua tupa na kuanza kulilainisha, taratibu, akifuata mviringo aliouchora kwa bikari.

Kesi ya kompyuta, lile kasha lake la bati, imelazwa juu ya meza, barazani kwake Ngokolo, mjini Shinyanga. Ni tupu. Vya ndani vyote amevitoa na kuvifunga kwenye shuka safi chumbani, kwa sababu chembe moja ya chuma ikiangukia kwenye saketi, inatosha kuziunguza.

Kompyuta hiyo ni ya zahanati moja ya Kishapu, na ndiyo pekee waliyo nayo. Ina kumbukumbu za kliniki za mama na watoto 1,340. Tangu Agosti, joto la mchana likipanda, inajizima.

“Jumanne iliyopita ilizima mara nne,” anasema Monika Jilala, muuguzi aliyeileta kwa basi akiwa ameipakata. “Kuna mama alitoka kwake alfajiri kwa miguu. Nikamwambia subiri ipoe. Akasubiri mpaka saa kumi, mtoto analia. Akaniuliza, nesi, na hiyo nayo ina homa?”

Athanas hacheki. Anauliza ilikuwa inakaa wapi.

“Mezani, dirishani. Vumbi likazidi, nikaifunika.”

“Kwa kitu gani, Mama Nyamizi?”

“Kitambaa changu cha kufuma. Kama vile vya kwenye makochi.”

“Hata ikiwa inawaka?”

Monika anatazama chini. “Hata ikiwaka, Baba Blessing. Niliona naitunza.”

“Wengi huzileta hapa kwa sababu hiyo hiyo,” anamjibu.

Athanas, 43, hakusomea ufundi huu. Alimaliza darasa la saba, na akiwa na miaka kumi na tisa akaenda Geita kuchimba dhahabu. Anachokijua kuhusu hewa alikijua huko.

Mwaka 2011, yeye na wenzake walikuwa na duara, yaani shimo la kuchimbia, lenye kina cha mita arobaini. Hewa ilipelekwa chini kwa mashine na bomba. Mvua ilipoanza, mdomo wa shimo ulifunikwa kwa turubai. Donatus, rafiki aliyelala naye hema moja, alikuwa chini.

“Mashine ilikuwa inavuma, tunaisikia,” anasema. “Hewa nzuri inaingia, chafu haina pa kutokea. Turubai nililifunga mimi. Nilifikiri namkinga asilowe.”

Anakung'uta tupa.

Baada ya mazishi ya Donatus hakurudi machimboni. Alibeba mizigo Isaka, akawa ananunua kompyuta mbovu moja moja na kuzifungua mpaka akazielewa. Leo kazi kama hii humpatia shilingi 35,000 kwa siku mbili. Ziko wiki ambazo haji mtu.

Njia yake haina haraka. Anatoboa tundu la feni mbele, chini, ambako hewa ni baridi kidogo, na kulifunika kwa chandarua cha mikunjo miwili kuzuia vumbi. La pili anatoboa nyuma, juu, joto litokee. Kisha anawasha dawa ya mbu mbele ya feni na kuutazama moshi.

“Moshi ukizunguka ndani bila kutoka, naanza upya,” anasema.

Saa kumi na moja, Monika anasimama. Basi la mwisho linakaribia kuondoka.

“Rudishia vitu vyake niondoke nayo. Tundu moja si lipo? Feni itaingiza hewa. Kesho nina kliniki, wanakuja akina mama sitini.”

“Itaingia. Itatokea wapi?”

“Siku moja tu, Baba Blessing.”

“Hapana, mama. Siku moja inatosha kuiua.”

Monika anamtazama, kisha anampigia mwenzake simu: “Toa yale madaftari ya zamani kabatini. Kesho tunaandika kwa mkono.” Anaaga bila kinyongo, ingawa bila tabasamu.

Athanas anatumaini siku moja kuzizungukia zahanati za Kishapu zenye kompyuta, azione zilivyowekwa kabla hazijaanza kuzima. Baiskeli anayo. Anachosubiri ni kibali cha halmashauri, ambacho ameomba mara mbili.

Anaigeuza kesi na kuchora mviringo wa pili, nyuma, juu. Anaangalia drili, halafu jua lililoinama.

“Mstari siuoni vizuri,” anasema, akiitoa drili kwenye umeme. “Nitatoboa asubuhi.”